Sauti ya Nyumbani

Sogeeni karibu, nyote mnaoishi na ndugu zenu chini ya paa moja, maana habari hii inatuhusu sisi tunaosikia mambo ya wenzetu kupitia ukutani.

Palikuwa na nyumba ya vyumba viwili na sebule, walimokaa dada na mdogo wake. Dada alikuwa mshonaji wa mapazia. Mdogo wake alikuwa mchoraji wa filamu za katuni, na watu walimwita Penseli, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Dada ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, akamsomesha mpaka chuo, ambako kijana alichukua falsafa na kurudi na maneno mazito kuliko mwili wake. Mambo ya kuolewa dada aliyaweka kando, yakakaa kando hivyo mpaka akavuka miaka arobaini.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa tulivu. Dada aliwasha pasi, akatandika kitambaa mezani, akamimina chai katika vikombe viwili, kisha akaisogeza simu mdomoni na kurekodi ujumbe kwa sauti ya chini, "Upo?" Punde simu ililia, na sauti ya mwanamume ikajibu, "Nipo." Huyo alikuwa mpima ardhi, mgane wa mji mwingine, aliyekutana naye kwenye mtandao wa watu wanaotafuta wenzi. Hawakuwa wameonana ana kwa ana, wala hata picha hawakutumiana. Dada alisema picha zina uongo mwingi, sauti ina uongo kidogo. Penseli aliyasikia hayo akiwa kitandani, akatabasamu, akajifunika shuka na kulala tena.

Wakati huo kijana alikuwa na filamu iliyomkaba koo. Ilikuwa katuni fupi kuhusu mwanafalsafa anayetafuta mchumba mtandaoni. Mwanafalsafa alimchora mbuzi, kwa ajili ya ndevu. Mbuzi alijiuliza: mtu ambaye sijawahi kumgusa, nitajuaje kwamba kweli yupo? Swali lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba mbuzi alihutubia tu mwanzo mpaka mwisho, na hata aliyemchora alikuwa akipiga miayo.

Asubuhi moja neno likapita ukutani: "Upo?" Penseli akaketi kitandani wima. Neno ambalo sote tunawatupia wenzetu kwenye simu bila kufikiri, kumbe ndani yake mna falsafa nzima aliyoisotea chuoni! Akaiona filamu yake yote. Mbuzi atahangaika na mambo ya kuwepo na kutokuwepo, na upande wa pili wa simu atakuwapo kuku mnene mwenye miwani, anayeuliza tu, "Upo?"

Mpaka hapo hakuna aliyekosewa. Kosa lilianza alipofungua kompyuta. Ndiye aliyemtengenezea dada yake simu, akaiunganisha na kompyuta hiyo ili kila kilichomo kihifadhiwe na humo, simu isije ikapotea na picha za wazazi zikapotea nayo. Basi jumbe zote za sauti za dada zilikuwa humo. Akafungua moja, akafungua nyingine.

"Unajua nikimimina chai nachukua vikombe viwili?" dada alikuwa akimwambia mpima. "Changu nakunywa kikiwa cha moto. Chako kinakungoja. Kikipoa ndiyo nakinywa, nasema haya, leo hakuja." Akacheka kidogo, akanyamaza, kisha akavuta pumzi kama mtu anayetua ndoo.

Penseli alijua papo hapo kwamba maneno yale hayakuwa yake kuyasikia. Masikio yalimwaka moto. Lakini mkono ulikuwa umeshashika kalamu.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe, ndipo mtajua alivyonasa. Katika katuni mdomo hauchorwi kwanza. Kwanza huwekwa sauti, kisha mchoraji huisikiliza kipande kwa kipande na kuuchora mdomo uifuate: hapa umefunguka, hapa umefumba, hapa kifua kimepanda. Kama mwigizaji bado hajapatikana, huwekwa sauti yoyote ya kushikia nafasi. Penseli akajiambia kuwa sauti ya dada itashika nafasi tu. Akachora wiki baada ya wiki. Akamvika kuku utepe wa kupimia shingoni, akamwekea pasi na vikombe viwili mezani, na jinsi kuku alivyozidi kupendeza ndivyo yeye alivyozidi kumkwepa dada wakati wa chakula.

Mwigizaji alipokuja, mama mmoja wa redioni, akasoma vizuri sana. Mdomo wa kuku ukamkataa. Yeye amemaliza kusema, kuku bado anavuta pumzi.

"Hii midomo umemchorea mtu mwingine," alisema. "Hebu nisikie sauti ya mwanzo." Akasikiliza, akavua vipokea sauti vya masikioni taratibu. "Huyu haigizi. Ni nani?"

"Ni sauti ya nyumbani tu."

"Mwenyewe anajua?"

"Nimekwambia mama, ni ya nyumbani," akajibu Penseli, akacheka ili yapite.

Ndugu zangu, lishikeni jibu hilo. Kijana hakusema ndiyo wala hapana. Aliona kitu kikiwa cha nyumbani hakipigiwi hodi. Dada alikuwa chumba cha pili tu, angeweza kumuuliza. Alijua atakataliwa, ndiyo maana hakuuliza. Akaiacha sauti ya dada ndani ya filamu, akaibana kidogo, ikawa nyembamba, akajidanganya kwamba haitatambulika.

Siku ya kuonyesha filamu dada alijishonea gauni la kijani. "Mpima anakuja," alimwambia Penseli, akizunguka mbele ya kioo. "Nimemwambia tukutane palepale ukumbini. Amwone kwanza mdogo wangu na heshima zake, ndipo anione mimi na mikunjo yangu."

"Dada, filamu yenyewe fupi tu. Si lazima uje."

"Nisije? Nilikukuna mgongo ukiwa na tetekuwanga, leo ndiyo nisije?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema. Akaenda kutafuta viatu vyake.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Dada aliketi safu ya mbele. Kushoto kwake alikuwa jirani yao, muuza nyanya, na kulia mpima, mwanamume mrefu aliyeweka kofia mapajani. Yeye na dada walikuwa wamesalimiana mlangoni, na sasa kila mmoja alimwonea mwenzake haya. Taa zikazimwa. Mbuzi akatoa hotuba yake, watu wakacheka. Kisha kuku akainamia simu na kusema, "Upo?"

"Jamani, huyu kuku ni wewe kabisa!" muuza nyanya alipiga kofi. "Hata utepe!"

Dada akacheka nusu. Kuku akamimina chai. "Changu nakunywa kikiwa cha moto. Chako kinakungoja." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Penseli, aliyesimama pembeni, hakumtazama kuku. Alitazama kisogo cha dada yake. Kiliinama, kikazidi kuinama, mpaka shingo ikapotea ndani ya kola. Mwanamume mrefu akageuka akamwangalia dada usoni, akavaa kofia yake, akatoka.

Makofi yalikuwa mengi. Mshereheshaji akamsogezea Penseli kipaza sauti. "Kijana, vile vikombe viwili tumecheka, halafu vimetuchoma. Wazo hilo umelitoa wapi?"

Dada akainua uso akamtazama.

"Nilikaa tu nikawaza," alisema Penseli.

Aibu ilimvaa kabla hajafunga mdomo, mbele ya watu wanaompigia makofi. Alipotazama tena safu ya mbele, kiti cha dada kilikuwa kitupu.

Alimkuta nyumbani akilikunja lile gauni.

"Dada, nisamehe."

"Kucheka wacheke, hata mimi najicheka," alisema dada bila kumtazama. "Lakini umesema umewaza wewe. Yaani hata upweke wangu umeuandikia jina lako?"

"Nitaifuta filamu."

"Utaifuta na vichwani mwao?"

Kesho yake asubuhi Penseli alisikia pasi, akasikia chai ikimiminwa, akasikia, "Upo?" Simu haikujibu. Ikawa hivyo na siku iliyofuata. Siku ya tatu dada hakuuliza tena, na kabatini kikatoka kikombe kimoja. Kijana alijilaza akiutazama ule ukuta, na aibu haikumpa usingizi.

Mwishowe akainuka. Aliwaandikia waandaaji kwamba maneno yale hayakuwa yake, akaiondoa filamu, kisha akasafiri mpaka mji wa mpima. Alimkuta kwenye kiwanja, akipigilia vigingi.

"Yeye alijua?" mpima aliuliza.

"Hakujua. Nilimwibia."

Mpima aliacha kupigilia. "Mimi nikadhani mmenifanya mchezo, wewe na dada yako. Nikaondoka bila hata kumuuliza." Akaweka nyundo chini. "Basi na mimi nina la kumwomba radhi." Penseli alikuwa amejiandaa kutukanwa. Upole ule ulimwinamisha kuliko tusi.

Mpima alirudi, wakasameheana, na posa ikaletwa. Mtasema basi, yameisha salama. Na kweli dada alimsamehe mdogo wake, alimtamkia kwa kinywa chake. Ila tangu siku ile simu ikilia, dada huichukua na kutoka nje. Hufunga mlango nyuma yake na kuongea akiwa barabarani, kando ya mtaro.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha. Penseli akatoka na mwavuli. "Dada, njoo uongee ndani. Unalowa."

Dada aliifunika simu kwa kiganja. "Nakuja, mdogo wangu," alisema kwa upole.

Akabaki amesimama vilevile, maji yakimtiririka usoni, kiganja juu ya simu, akimngoja arudi ndani kwanza. Penseli akamwachia mwavuli, akarudi, akafunga mlango.

FUNZO

Ndugu msomaji, sauti ya mtu wa nyumbani si mali ya nyumba. Ni yake, hata kama umeizoea tangu utoto na hata kama inapita kwenye ukuta wako. Ukitaka kuitoa nje, iwe kwa filamu, kwa utani au kwa kujipatia sifa, muulize mwenyewe kwanza. Na ukiona unaogopa kumuuliza, jibu lake umeshalijua. Penseli aliomba radhi na akapewa, lakini kuongea kwa raha ndani ya nyumba yake, hilo dada yake hajarudishiwa mpaka leo.