Dang'a ya Ndama Mwekundu

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Kaaha alikuwa akikunja mkeka wake na kwenda zizini. Alimwacha ndama anyonye kidogo, akamvuta pembeni, kisha bibi yake, Ayeeyo Habibo, akachuchumaa kukamua. Maziwa hayakujaza kikombe. Nusu ilikuwa ya Olow, mdogo wake Kaaha ambaye alikuwa hajaota meno, na nusu ya ndama. Wote wawili walibaki wakilia.

Ulikuwa mwaka wa 1967, wakati wa vita vya serikali ya Kenya na waasi walioitwa shifta. Wafugaji walikuwa wamekusanywa katika kijiji kimoja si mbali na Garissa, kikazungushiwa ua wa miba. Askari walifungua lango asubuhi na kulifunga alasiri, wakihesabu watu na mifugo. Nyasi za karibu zilikuwa zimekwisha. Kati ya ng'ombe kumi na wanane wa Ayeeyo alibaki mmoja, na huyo ndiye mama wa ndama jike mwekundu.

Asubuhi moja, ndama akiwa na siku nane, lori liliingia. Bwana Komora wa shamba la mifugo kando ya mto Tana alikuja kuchagua ndama saba. Shamba lingewalea mahali penye majani, na vita vikiisha kila familia ingerudishiwa ndama wake akiwa mtamba. Kaaha alijua kwamba ndama mwekundu asipopanda lori hilo, hataiona mvua ijayo.

Bwana Komora hakujua Kisomali, na Ayeeyo hakujua Kiswahili. Kaaha, wa darasa la tano, akawa mkalimani.

Alimtazama mgeni yule kwa mshangao. Wengine huvutiwa na ngozi inayong'aa, lakini yeye alisimama mbali kwanza, akangoja ndama ainuke mwenyewe. Ndipo alipomsogelea. Alimpapasa kitovu kuona kama kimekauka, akainua mkia kuona kama ni safi, akamtia kidole mdomoni kupima nguvu ya kunyonya. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Mtu huyu ana mikono ya mfugaji," Ayeeyo alinong'ona.

"Asubuhi pua yake huwaje?" Bwana Komora aliuliza.

"Bua yake huwa baridi na yenye unyevu," Kaaha alijibu, ulimi wa Kisomali ukigeuza p kuwa b.

Bwana Komora akacheka. "Bua ni la mtama, binti! Sema pua."

"Bu... pua."

"Anacheka nini?" Ayeeyo aliuliza.

"Ananicheka mimi."

"Basi ni mtu mwema. Wabaya hawacheki na watoto."

Kisha Bwana Komora akauliza kwa upole, "Muulize bibi, siku aliyozaliwa huyu alinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza?"

Kaaha alitafsiri.

"Mwambie sijui," Ayeeyo alisema. "Siku ile nilishinda langoni nikiomba kibali cha malisho. Wewe ndiye uliyekuwa na ng'ombe."

Kaaha alikumbuka vizuri. Yeye na rafiki yake Nafiso waliikamua dang'a yote, wakaichemsha mpaka ikaganda, wakaila na sukari. Ndama alinyonya kesho yake.

"Bibi anasema alinyonya mpaka akashiba," alisema.

Bwana Komora akaweka mkono kifuani, akamwinamia Ayeeyo. "Ahsante, mama. Neno la mtu mzima kama wewe linanitosha. Binti, mwambie hivyo."

Kaaha alimgeukia bibi yake.

"Amesema nini?" Ayeeyo aliuliza.

Angeweza kusema, amekushukuru tu. Hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona bibi yake akitabasamu, akipokea heshima ya neno ambalo hakulisema. Machozi yakamtoka.

"Amesema neno lako linamtosha, Ayeeyo. Lakini nimempa neno la uongo, nikasema ni lako."

Akaeleza yote kwa Kisomali, akarudia yote kwa Kiswahili. Ayeeyo alijifunika uso kwa shungi.

Bwana Komora alimgeukia Kaaha. "Dang'a ndiyo kinga ya ndama," alisema. "Akiikosa siku ya kwanza, maradhi humpata upesi. Akiugua kati ya wenzake, wote wataharisha. Leo nachukua sita. Huyu mtenge peke yake, alale pakavu, awe na chombo chake, nawe unawe mikono kabla ya kumgusa. Nitarudi baada ya wiki tatu. Nafasi ya saba nitaiweka."

Tangu siku hiyo Kaaha hakucheza. Saa za lango kuwa wazi aliokota maganda ya mgunga, akamlisha ng'ombe ili maziwa yaongezeke. Alifagia banda na kutandaza mchanga mkavu. Siku ya kumi ndama akaharisha. Kaaha alimnywesha maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi na sukari kidogo, asubuhi, mchana na jioni, huku akimwomba Mungu kila aliposujudu. Siku ya tatu ya ugonjwa ndama akasimama mwenyewe.

Lori liliporudi, Bwana Komora alisimama mbali kama kawaida yake, akangoja. Ndama aliinuka, akarusha miguu. Bwana Komora akampima kitovu, mkia na mdomo.

"Huyu anakwenda," alisema. "Binti, mikono yangu huona ndama wa leo. Siku alizokwisha kuishi naziona kwa ukweli ninaoambiwa. Ungenificha, ningewaweka wote saba hatarini."

Kaaha alimtafsiria bibi yake, neno kwa neno. Ayeeyo alimshika bega, wakatazama ndama akipandishwa.

"Unaposimama kati yangu na mtu," alisema, "mdomo wako ni mdomo wangu. Sema nilichosema, hata kama kitatuumiza. Mungu anasikia Kisomali, na Kiswahili pia anakisikia."

"Ndiyo, Ayeeyo," Kaaha alijibu. Lori likaondoka na ndama mwekundu, yule wa saba.