Aliyekanyaga Breki

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi seremala, na hadi leo hayazungumzii kwa mzaha. Alikuwa akitengeneza breki za pikapu yake kuukuu ya dizeli kwenye gereji ya nyumbani, maana kesho yake alipaswa kumpeleka mama mkwe hospitali. Mvua ilikuwa inapiga mabati, umeme umekatika, na chini ya gari giza lilikuwa zito ingawa ni mchana. Akamwita mkewe aje akanyage pedali ili yeye atoe hewa kwenye mabomba. Akasikia mlango wa gari ukifungwa.

“Kanyaga, mama watoto.”

“Nimekanyaga.”

Wakaendelea hivyo, gurudumu baada ya gurudumu, pedali ikilia kwi, kwi, juu yake. Walipofika la mwisho akasema, “Shikilia hapohapo, usiachie.”

“Nimeshikilia.”

Mara mlango wa gereji ukafunguliwa. Akaiona miguu ya mkewe, imelowa chapachapa.

“Baba watoto, nisamehe, mvua ilinizuia dukani. Tuanze?”

Rafiki yangu akakauka, spana mkononi. Kutoka ndani ya gari, sauti ileile ya mkewe ikauliza kwa upole:

“Niachie sasa?”