Kuna Pingamizi?

Mizani haina jamaa. Haimwonei haya tajiri wala haimhurumii mgonjwa. Ukiiwekea kitu, inasema ilichokiona, basi. Ndiyo maana fundi mizani, mtu aliyemaliza ujana wake akirekebisha mizani za wauza nyama na wauza nafaka, hakuweza kujidanganya siku ile kisanduku cha kadi kilipoonekana kimenenepa.

Kilikuwa kisanduku cha bati, ndani yake kadi sitini za mchezo. Jioni hiyo alikuwa mezani kwake sebuleni akijaribu mizani ndogo ya duka la dawa. Jiwe la kupimia halikuwa karibu, akachukua kisanduku, maana uzito wake aliujua. Alikuwa amekipima vivyo hivyo juma lililopita. Sindano ikapita pale ilipopaswa kusimama. Akaigonga mizani kwa ukucha. Akaenda kutafuta jiwe, akalipima, mizani ikasema kweli. Akarudisha kisanduku. Kimezidi, na si kidogo.

"Mama Kobe," aliita, "umeweka kitu humu?"

"Niweke nini kwenye makaratasi yenu?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Mimi hata kuyafuta vumbi naogopa."

Alisema "yenu" kana kwamba wenye makaratasi bado ni wawili.

Kobe alikuwa binti yao wa pekee. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa kadi, kwa kuwa alikuwa mzito wa kuamua. Kila kadi iliyowekwa mbele yake aliisoma mara mbili, midomo ikicheza, ndipo aseme neno. Wenzake walipiga miayo, yeye hakujali. Kila siku yake ya kuzaliwa baba alimpandisha kwenye mizani kubwa ya magunia iliyosimama ukumbini, akamtania, "Kilo arobaini na moja. Gunia la mchele lina faida kuliko wewe." Hizo arobaini na moja ndizo zilizokuwa za mwisho. Homa ilimchukua upesi, Mwenyezi Mungu amlaze pema, na akaacha fungu lake la kadi halijakamilika.

Mpango wa fungu lile alikuwa amemweleza baba yake. Katika mchezo huo unaweka kadi za ardhi, ardhi inakupa nguvu, na kwa nguvu hiyo unaita viumbe wakupiganie.

"Wenzangu wanakimbilia kupigana, Baba. Mimi nalima kwanza. Nina kadi za mizizi na kadi za mvua, zinaniongezea ardhi kabla ya wakati wake. Tukifika katikati ya mchezo wao wana panya, mimi nina tembo."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nakula kipigo kimyakimya. Si naitwa Kobe?"

Msiba ulipotulia, fundi aliamua kulimalizia fungu la mwanawe. Wengine hujenga kaburi kwa marumaru. Yeye alikwenda duka la kadi. Muuzaji, msichana mwenye kofia ya sufu hata jua liwake vipi, alizipanga kadi zake juu ya kaunta na kutikisa kichwa.

"Mzee wangu, umejaza majitu matupu. Nani atayalisha?"

"Yeye aliyapenda."

"Aliyapenda, lakini alijua kuyalisha. Jitu haliji bure, lazima lile mahali. Toa haya, weka mizizi." Kisha akafungua kabati na kutoa kadi moja yenye mnyama mkubwa asiye na macho, mgongo wake umeota miti. "Huyu ni Mla Msitu. Binti yako alikuwa anakuja kumwangalia kila Jumamosi. Mchukue tu, nilikuwa namwekea. Ila cheza kwa adabu ya meza. Ukimwita kiumbe, mtaje kwa sauti, uulize: kuna pingamizi? Mpaka mchezaji wa pili aseme hamna, aingie, ndipo ameingia. Bila jibu bado yuko nje."

"Na ukicheza peke yako?"

"Ukijaribu fungu peke yako unakichezea kiti kitupu cha upande wa pili. Unauliza, unasubiri kidogo, unaendelea. Usijijibu. Wachezaji hatujijibu." Akacheka. "Tunasema ni mkosi, basi tu."

Fundi akawa anakichezea kiti cha Kobe kila akitoka kazini, jua likiwa bado dirishani. Ardhi, mizizi, ardhi, mvua. Kiumbe. "Kuna pingamizi?" Kimya. Ikafika siku ambayo kimya kile kilimshinda. Akabana koo, akaitoa sauti nyembamba ya mwanawe, nusu kwa mzaha na nusu kwa kilio: "Hamna, Baba. Aingie."

Moyo ukamtulia kama mtu aliyekunywa maji. Akafanya hivyo tena kesho yake. Na siku iliyofuata aliuliza, akafungua mdomo ajijibu, na kabla hajatoa pumzi, kiti kikasema: "Hamna, Baba. Aingie."

Hakukimbia. Mtu asiyewahi kufiwa atamlaumu. Alikaa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akaita kiumbe kingine.

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka udongo uliolowa, ingawa mvua haikunyesha. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya manyoya ya mnyama aliyelala mahali pamoja muda mrefu. Kadi za ardhi zilikuwa na unyevu kila alipozishika. Chini ya meza kitu kilipumua polepole. Maua ya kopo dirishani yalikauka kwa siku moja, na mkewe akaanza kukunja gauni kiunoni kwa pini.

"Huli," fundi alimwambia.

"Nakula. Sahani unaiona ikirudi tupu." Alikuwa ameshika ukingo wa mlango. "Baba Kobe, kuna nini humu ndani? Jana nilipita na ufagio, kitu kikasogeza miguu chini ya meza kunipisha."

"Majonzi hayo."

"Majonzi hayana kwato."

Akampandisha mizani ya magunia, kwa mzaha, kama alivyokuwa akimpandisha binti. Mzaha ukamkauka mdomoni. Kisha akaenda sebuleni kukichukua kisanduku, na sasa kilihitaji mikono miwili. Akakipima. Akasimama pale ukumbini akihesabu kichwani, na hesabu hiyo aliifanya upya na upya akitafuta kosa ambalo fundi wa miaka yake hakuwa na namna ya kulifanya, kwa maana kile alichopungua mkewe ndicho kilichoongezeka ndani ya bati lile, kilo kwa kilo, na swali la yule msichana mwenye kofia likamrudia sikioni kana kwamba limeulizwa wakati huohuo na mtu aliyesimama nyuma yake: nani atayalisha?

Akampigia simu dada yake mkubwa, mpishi wa hospitali, mwanamke wa sala ambaye watu walimwendea kuombewa wagonjwa wao na masumbufu ya majini. Alifika na aproni yake ya kazi bado kiunoni. Hakuketi.

"Wifi, wewe nenda kalale, nitakuletea uji," alisema. Mama Kobe alipotoka, akamgeukia ndugu yake na kushusha sauti. "Nani aliyemkaribisha?"

"Dada, ni Kobe. Sauti ni yake."

"Anajibu vipi?"

"Anajibu upesi. Sijamaliza kuuliza, yeye..."

"Umesikia ulichosema?" Dada alimshika bega. "Yule mtoto nilikuwa namuuliza chai au maji, naenda sokoni narudi ndipo anajibu. Leo amekuwa mwepesi kaburini? Hilo ni jini, mdogo wangu. Majini hayana njaa ya ubani, yana njaa ya ruhusa, na wewe umempa kwa ulimi wako kila jioni."

"Basi niombee."

"Nitaomba mpaka nikauke koo. Lakini mlango ulioufungua wewe, mimi siufungi. Katika mchezo wenu, nani mwenye haki ya kukataa?"

"Anayeulizwa. Aliyekaa upande wa pili."

Wote wawili wakakitazama kiti cha Kobe. Tangu msiba hakuna aliyekikalia. Wageni walielekezwa kwingine kwa adabu.

"Kaa pale," dada alisema kwa upole. "Uwe wewe unayeulizwa. Kaa, baba."

Alikaa. Kiti kilikuwa cha moto, kama kimeachwa sasa hivi. Dada akaanza dua zake, taratibu, akisimama nyuma yake. Jua lilikuwa likishuka, na mwanga uliopita dirishani ukalala juu ya meza, juu ya kadi zilizopangwa upande wa pili, upande wake yeye mwenyewe, mahali ambapo sasa hapakuwa na mtu. Kadi ya juu ya fungu ikanyanyuka pembe, ikasita, ikageuka. Mla Msitu. Harufu ya manyoya ikapanda mpaka macho yakamwasha, na mbao za sakafu zikalia kuelekea chumbani alikolala mkewe, moja baada ya nyingine, kama chini ya uzito wa kitu kilichokwisha kuamua kinakokwenda na kinangoja neno moja tu, na kutoka chumbani mkewe akakohoa kikohozi chepesi cha mtu asiyebakiwa na kifua.

Kisha sauti. Safari hii haikuwa na haraka. Ilikawia. Alisikia midomo ikicheza, ikiisoma kadi mara ya kwanza, ikiisoma mara ya pili, vilevile kabisa, mpaka ule mvuto mdogo wa pua ambao hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Namwita Mla Msitu," alisema Kobe. "Baba, kuna pingamizi?"

Dua ya dada ikatetemeka. Hata yeye aliijua sauti ile.

Fundi alitafuta kosa. Alikuwa amejiandaa kumkatalia jini mwenye haraka. Huyu hakuwa na haraka. Hapakuwa na alama. Palikuwa na mwanawe akiuliza, na mkewe akikohoa, na yeye katikati, na hapakuwa na jiwe la kupimia jambo kama hilo.

"Baba?"

"Lipo," alisema. Sauti ilimtoka kama mtu aliyebanwa na mlango. "Lipo, mama yangu. Pingamizi lipo. Haingii."

Kadi zote zikaanguka. Upepo ulitoka chini ya meza, ukapita katikati yao na kwenda nje, na mlango ukajibamiza. Hewa ikawa na harufu ya sabuni na uji, harufu ya nyumba. Dada akaketi sakafuni. Fundi alilia mpaka giza likaingia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mama Kobe alipata nafuu kidogokidogo. Pini zikatoka kwenye gauni. Kisanduku kilirudi uzito wa karatasi na bati, na fundi akakirudisha dukani kwa yule msichana.

Kilibaki kiti. Wakakubaliana wamgawie jirani. Asubuhi alikibeba mpaka ukumbini, akakiona chepesi mkononi, na kwa mazoea tu, kama mwingine anavyopuliza vumbi, akakiweka juu ya mizani ya magunia.

Sindano ikashuka. Kiti kile cha mbao laini ni kilo nne. Sindano ilipita nne, ikapita kumi, ikaendelea kwa mwendo wa asiyeharakishwa, ikasimama kwenye arobaini na tano: nne za kiti, na arobaini na moja. Akaigonga mizani kwa ukucha. Haikutikisika.

Alisimama hapo, na mahali fulani karibu na sikio lake midomo ikaanza kucheza, taratibu, kama ya mtu anayesoma kitu mara mbili kabla ya kuuliza.

"Baba Kobe!" mkewe aliita kutoka jikoni, sauti yake imejaa kama zamani. "Mbona umenyamaza? Kiti kina neno?"

Fundi aliuziba mdomo wake kwa kiganja, akakaza, asije akajibu. Akageuka, akaenda kumsaidia kuosha vyombo.