Shamba la Nyuma ya Kilima

Dobi alikuwa na adui mmoja tu duniani: doa. Kila asubuhi alichota maji mtoni, akafua mashuka ya hospitali, akayasuuza na kuyaanika. Mkewe alipiga pasi. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha.

Mvua zilipoanza, maji ya mto yaligeuka rangi ya kutu. Dobi alisuuza, akasuuza tena. Mashuka yakikauka, bado yalikuwa na wekundu.

Muuguzi mkuu alimrudishia furushi zima. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Dobi zaidi.

"Baba, siwezi kumlaza mgonjwa juu ya shuka hili. Mvua hizi zikiisha na hali ni hii hii, itabidi tutafute dobi mwingine."

Dobi alirudi nyumbani amevimba kwa hasira.

"Ni yule mfyatua matofali wa huko juu! Kutwa anachimba udongo. Leo atanitambua!"

"Umemwona akiumwaga mtoni?" mkewe aliuliza.

"Nimwone wa nini? Dalili ya mvua ni mawingu."

"Na hasira ni hasara, mume wangu. Twende kwanza kwa Dada wa Maji."

Dada wa Maji alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya maji. Siku hiyo alikuwa ukingoni, akipima kina cha mto. Aliwasikiliza, kisha akatoa chupa tatu tupu.

"Tuuulize mto wenyewe," alisema.

Chupa ya kwanza waliijaza mtoni, mahali maji yalipokuwa hayajafika kwenye tanuri la matofali. Ya pili waliijaza baada ya maji kulipita tanuri. Hapo Dobi alishindwa kujizuia.

"Wewe mchafuzi! Unaniharibia kazi!" alimfokea mfyatua matofali.

"Kaka, maji haya hata mimi nayanywa," yule bwana alijibu. "Shimo langu la udongo liko kule, mbali na mto." Akaendelea kufyatua matofali yake.

Chupa ya tatu waliijaza mahali kijito kidogo kinapoingia mtoni, kati ya tanuri na nyumba ya Dobi. Wakazipanga zote juu ya meza ya kupigia pasi, wakasubiri maji yatuame.

Chupa mbili za mwanzo zilibaki na vumbi kidogo la kijivu. Ya tatu ilikuwa na tope jekundu, zito. Mke wa Dobi aliitazama kwa muda mrefu.

"Udongo huu naujua," alisema polepole. "Ndio ninaoutoa kwenye suruali zako ukitoka shamba."

"Acha utani! Shamba letu liko nyuma ya kilima. Ukiwa kule, mto hata huuoni!"

"Wewe huuoni," Dada wa Maji alisema, "lakini mvua inaijua njia."

Akachukua turubai la kufunikia mafurushi, akalikunjakunja mezani, akamwaga maji juu yake. Maji yalishuka kutoka kila mkunjo, yakakutana katikati.

"Mikunjo hii ni vilima. Hapa katikati ndipo mto. Ardhi yote ambayo mvua yake huteremkia kwenye mto mmoja tunaiita bonde la mto. Shamba lako limo. Hebu niambie, matuta yako yanaelekea wapi?"

"Yanashuka na kilima. Nilifanya makusudi, ili maji yapite upesi."

"Yanapita upesi kweli. Na yanapita na shamba lako. Wala hayaishii kwako, kaka. Chini yako kuna wavuvi, kuna bustani za mboga, kuna mji mzima unaokunywa."

Dobi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake yeye na mkewe walianza kuyabomoa matuta. Walitengeneza mapya yaliyokatiza mteremko ili kuzuia maji, wakapanda majani kwenye kingo. Kando ya kile kijito, kilichoanzia shambani kwao, hawakulima tena. Wakati huohuo, Dobi aliacha maji yatuame kwenye mapipa kabla ya kufua. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na Dobi alinung'unika sana. Lakini kijito kilianza kung'aa, na mahindi hayakung'olewa tena na mvua.

Mvua zilipokwisha, muuguzi mkuu alikunjua shuka moja, akaligeuza huku na huku.

"Hili sasa ni shuka," alisema. "Njoo uchukue mengine kesho."

Dobi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye tanuri.

"Kaka, nilikutukana bure. Mchafuzi nilikuwa mimi. Nisamehe."

Mfyatua matofali alivua shati lake lililojaa udongo, akamrushia.

"Nimekusamehe. Sasa nifulie."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Dobi alilifua shati lile jioni hiyo hiyo, likatakata. Mkewe alibeba beseni la maji ya sabuni ili ayamwage mtoni, kama walivyozoea miaka yote.

"Hapana, mama," Dobi alisema. "Yamwage kwenye shimo la taka, mbali na mto. Chini yetu kuna watu."