Rangi ya Kucha kwa Gitaa la Besi

Aliyebuni rangi ya kucha hakuwa na habari na gitaa la besi, lakini tumshukuru hata hivyo, maana bila yeye wawili hawa wangepigana kikumbo, wakaombana radhi na kila mmoja akashika njia yake.

Walikutana mchana wa siku ya kazi, kwenye ujia wa jengo la maduka linalotazamana na stendi ya mabasi. Chini ya ngazi palikuwa na kibanda cha wanawake wawili: Shangazi, aliyesuka nywele, na binti wa kaka yake, aliyepaka kucha na ambaye wateja wote walimwita Fundi. Siku hiyo Fundi alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri, na kucha zake mwenyewe hazikuwa na rangi hata moja. Kinyozi hajinyoi.

Akasimama mbele yake kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, mgongoni begi refu lililokuwa likiwagonga wapita njia. Aliulizia rangi isiyobanduka hata ikikanyagwa na viatu.

"Mkeo anakanyagwa na nani?" Fundi akauliza.

"Sina mke. Ni ya pedali zangu."

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka. "Mwanamume anayenunua rangi ya kucha," alisema, "ana mke au ana siri."

Kijana akacheka, kisha akajieleza. Alikuwa mpiga besi, na kwenye bendi walimwita Besi, jina la nyumbani walishalisahau. Sauti ya gitaa lake ilipitia pedali, yaani visanduku vitatu vya chuma vinavyokaa sakafuni na kubonyezwa kwa mguu. Kimoja kiliibana sauti isirukeruke, kingine kiliikwaruza kidogo, cha mwisho kiliongeza au kupunguza uzito. Kila kimoja kilikuwa na vinobu vya kuzungusha, na baada ya kuhangaika muda mrefu alikuwa ameipata sauti anayoweza kuiita yake. Tatizo ni kwamba akivitia kwenye begi vinobu vinazunguka, na sauti inapotea; ndiyo maana alitaka rangi ya kuwekea alama mahali pake. Kiongozi wa bendi alikuwa amechoka kusikia besi mpya kila onyesho. Alishamwambia ikibadilika tena atatafuta mtu mwingine.

Fundi aliyasikiliza yote hayo huku mteja wake akipuliza vidole. Hakuelewa nusu yake, lakini alielewa kitu kizuri kikipotea. Akamwambia aje na hizo pedali.

Kesho yake Besi alifika na pedali zimefungwa kwenye taulo, akiwa amevigandisha vinobu kwa utepe wa gundi. Fundi akachukua brashi nyembamba kuliko zote na kuvuta mstari mwekundu kuanzia kwenye kinobu hadi kwenye kisanduku. Kikisogea, mstari unakatika, mtu anaona. Alifanya kwa utulivu mkubwa, ulimi umechungulia pembeni mwa midomo, na Besi akajikuta hatazami pedali tena.

Simu zikaanza. Jioni Besi alimpigia, akaweka simu mbele ya spika na kumpigia wimbo mzima, halafu akauliza ameonaje.

"Nasikia mtu anagonga meza," Fundi alisema.

"Simu haibebi besi, mpenzi." Neno lilimponyoka.

"Rudia," Fundi akasema. "Siyo gitaa. Hilo la mwisho."

Wakapendana, waziwazi, hata Shangazi akaacha kutania. Lakini sauti yenyewe Fundi alikuwa hajaisikia, ndiyo maana Besi alimwalika kwenye onyesho kubwa, aje mapema, wakati wa kujaribu vyombo.

Alikuja alasiri kwa gauni la bluu na viatu vipya vilivyombana. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepangwa. Besi alihakikisha kila mstari mwekundu umekutana na mwenzake, kisha akapiga. Sauti iliyokuwa tamu chumbani kwake, kati ya godoro na kabati, humu ilivuma na kujaa ukumbi mzima kama maji machafu. Kiongozi wa bendi, mama mwenye kilemba ambaye pia ndiye mwimbaji mkuu, akasimamisha wimbo.

"Maneno yangu yote umeyameza. Punguza uzito."

Besi akasema hii ndiyo sauti aliyomwahidi, haibadiliki. Mama akarudia. Besi akatikisa kichwa. Mama akamwambia bila kugomba kwamba watu wakianza kuingia na besi bado iko hivi, atacheza bila yeye.

Fundi aliona jasho likimtoka mpenzi wake, moyo ukamuuma. Akapanda jukwaani, akamwambia kwa upole kwamba rangi ikichaguliwa chini ya taa ya kibandani, huwa anampeleka mteja nje aione kwenye jua, na mara nyingine wanachagua upya. Akachutama, akanyoosha mkono kwenye kinobu.

"Usiguse!"

Mikrofoni ilikuwa wazi. Neno likatoka kwenye spika zote, likaenda hadi viti vya nyuma na kurudi. Fundi akainuka. Mistari ile aliivuta yeye, na sasa anakemewa juu yake mbele ya watu asiowajua. Akavua vile viatu vilivyombana, akashuka ngazi peku na kuondoka.

Besi alibaki na aibu isiyo na pa kukaa. Alimpigia, hakupokea. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, akashuka na gitaa hadi mwisho wa waya wake mrefu, akasimama kati ya viti na kupiga. Hapo ndipo alipojisikia kama watu watakavyomsikia. Alirudi, akazungusha kinobu cha uzito, mstari ukakatika. Akashuka tena kusikiliza, akarudi tena. Kidogo kidogo sauti ikafunguka, ni ileile yake, imejua tu kukaa na wenzake. Mama hakumsifu. Aliimba wimbo mzima bila kusimama, na Besi alijua kazi amebaki nayo.

Usiku ule alipiga vizuri kuliko siku zote, na hakufurahi.

Alipiga simu. Ikapokelewa na Shangazi.

"Amesema hayupo."

"Yuko wapi, Shangazi?"

"Hapa, ananikonyeza nikuambie hayupo."

Asubuhi akaenda kibandani na gitaa, pedali na spika ndogo. Wateja walikuwa wamejaa, kucha mbichi. Alimpa Shangazi shikamoo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ngazini:

"Nilikukemea mbele za watu, naomba radhi mbele za watu. Ulikuwa umesema kweli. Wewe ulitaka kuniokoa, mimi nikalinda rangi. Kazi niliyonayo leo ni kwa sababu yako. Asante."

Fundi akasogeza chupa zake pembeni. "Basi nisikie hiyo sauti," alisema.

Besi akachomeka waya, akasogeza pedali mezani. "Zungusha wewe. Mpaka ikupendeze."

Akazungusha. Besi akapiga polepole, na chupa za rangi zikaanza kugongana kwenye rafu. Fundi aliisikia kifuani kabla ya masikioni, machozi yakamlenga kwa furaha. Alisogeza tena kidogo, akasema hapo. Akachukua brashi.

"Usiweke alama," Besi akasema. "Kila ukumbi una mambo yake, na masikio yangu hujidanganya. Nataka uwepo. Shangazi, naomba kumuoa."

"Muulize mwenyewe," Shangazi alisema. "Mimi nimeshika kichwa cha mtu."

Wateja wote wakamgeukia Fundi, vidole hewani. Fundi akasema atakubali, ila siku akimkemea tena, atampaka kucha zote kumi nyekundu, akapige hivyo jukwaani.

Besi akaweka mikono yake miwili mezani, ncha za vidole ngumu kwa nyuzi. "Anza sasa," alisema.

Fundi aliiweka brashi chini, akaishika ile mikono.