Mpiga Ngoma Aliyedanganya Kwenye Barua

"Shangazi, mbona unatetemeka? Kuna baridi?"

Macho ya Sun-im yalikuwa jukwaani. Pale mbele mwanamke mwenye upepeo mkononi alikuwa anaimba hadithi ya binti aliyeachwa na mpenzi wake, na pembeni yake mzee wa mvi amekaa na ngoma. Kila mara mwimbaji alipopandisha sauti, mzee alimtia moyo:

"Eolssigu!"

Sauti hiyo Sun-im aliijua. Alikuwa hajaisikia kwa miaka thelathini na minne.

"Yule mpiga ngoma anaitwa nani?" aliuliza kwa kunong'ona.

Ha-rim, mtoto wa kaka yake, akafungua karatasi ya ratiba.

"Bae Du-sik. Unamfahamu?"

"Nilikuwa namfahamu."

Walipendana katika mji huuhuu wa Jeonju, yeye mwanafunzi wa uuguzi, Du-sik kijana anayejifunza ngoma. Jumamosi Sun-im alikuwa akimsubiri nje ya nyumba ya mwalimu wa ngoma, wanakula tambi baridi bakuli moja, vijiti viwili viwili, wanagombania yai. Kisha Sun-im akapata kazi Ujerumani. Barua zilikwenda na kurudi miaka miwili, mpaka ikaja ile ya mwisho: *Nimeoa. Usinisubiri.*

Onyesho lilipoisha, Ha-rim alimkimbilia mwimbaji kupiga naye picha. Alikuwa binti wa maneno mengi.

"Dada, shangazi yangu anamjua mpiga ngoma wako. Mke wake naye yupo?"

Mwimbaji akacheka. "Mke gani? Mzee Du-sik hajawahi kuoa. Mke wake ni ile ngoma, na yenyewe anaipiga kila siku."

Ha-rim alicheka pia. Alipogeuka, shangazi yake, aliyekuwa nyuma yake akisikia kila neno, hakuwepo tena.

Sun-im alimkuta mzee uani, anafunga ngoma yake kwenye kitambaa. Du-sik aliinua kichwa. Mikono ikasimama.

"Sun-im."

"Mkeo hajambo?"

Du-sik akarudi kwenye fundo la kitambaa.

"Nakuuliza mkeo, Du-sik. Yule wa kwenye barua."

"Hakuwepo," alisema taratibu. "Hajawahi kuwepo."

"Barua ile niliisomea wodini. Wagonjwa ndio walionibembeleza, mimi nesi wao. Kwa nini?"

"Uliandika unataka kuacha kazi urudi. Mama yako mgonjwa alikutegemea wewe. Mimi nilikuwa sina lolote, najifunza tu. Niliogopa utarudi kwa ajili yangu, halafu siku moja uniangalie na kujuta."

"Ukaniamulia."

"Nikakuamulia. Na nilikosea. Nilijua kabla barua haijafika kwako."

"Na hukuandika nyingine?"

"Niliona haya. Baadaye nikasikia umeolewa."

Sun-im akaketi kwenye kizingiti. Simu yake ikatoa mlio wa ujumbe: *Shangazi uko wapi? Nimekununulia maandazi ya mchele.* Akaizima.

"Niliolewa na Jong-pil, mtu wa kwetu aliyekuja Ujerumani kuchimba makaa ya mawe. Alikuwa mtu mwema. Huu ni mwaka wa sita tangu afariki. Sijutii kuishi naye. Ndiyo maana hata kukuchukia vizuri siwezi, na hilo linaniudhi."

"Nichukie tu vibaya," alisema Du-sik. "Nitashukuru."

Sun-im alijizuia kucheka, akashindwa.

Jioni hiyo vijana wa mji walikuwa na onyesho lao kwenye uwanja wa jirani: magitaa ya umeme, ngoma za zamani, wachezaji wanaozunguka juu ya vichwa vyao. Ha-rim alijipenyeza mbele na wenzake, akawaachia wazee mkeka nyuma.

"Mimi hawa siwaelewi," alisema Du-sik.

"Yule wa ngoma kubwa unamwelewa. Mguu wako unamfuata."

"Nilimfundisha mimi. Sasa ananiharibia mdundo." Lakini alikuwa anatabasamu.

Sun-im alimtazama. Mvi zimemjaa, mabega yameshuka, ila bado alisikiliza muziki kwa kuinamisha sikio la kushoto, kama zamani.

"Du-sik, nina siku tisa hapa kabla ya kurudi Ujerumani. Safari hii usiniamulie. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Wewe unajua."

Du-sik alisema kitu, magitaa yakalia, na Sun-im akaweka kiganja sikioni.

"Sema kwa nguvu."

Du-sik akavuta pumzi, na kwa sauti aliyozoea kuwatia nayo moyo waimbaji, akauliza:

"Sun-im, utabaki uishi na mimi?"

Muziki ulikuwa umekatika sekunde hiyohiyo. Uwanja mzima ukageuka. Ha-rim akabaki mdomo wazi, andazi mkononi. Mzee wa watu aliiva kama pilipili.

Sun-im alitengeneza shali yake bila haraka.

"Nilisikia mara ya kwanza," alisema. "Nitabaki. Nilitaka tu safari hii kuwe na mashahidi."