Kiti cha Mke Wangu

Gari la umeme lililozimwa, likachomolewa waya na kutolewa ufunguo, halina ruhusa ya kulia. Fundi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Kwa hiyo saa nne asubuhi aliposikia mlio wa rivasi, tii, tii, tii, ukitoka ndani ya banda alilolifunga kufuli kwa mkono wake, alisimama na mpira wa maji akamwagilia ua moja mpaka likalala chini.

Gari lenyewe lilikuwa la Daktari, mwenye nyumba, mzee mstaafu aliyelitumia kwenye uwanja wa gofu. Magoti yalipomgomea akawa analiendesha humo humo uani, kutoka mlangoni hadi getini. Sasa alikuwa amesafiri kwenda kutibiwa kwa binti yake, miezi minane, na nyumba akamwachia fundi huyu wa umeme na mkewe, waliokaa vyumba vya nyuma. Maelekezo ya gari aliyaandika kwenye karatasi: lioshwe, betri ziongezwe maji yake, lichajiwe mpaka lijae, swichi ya chini ya kiti izimwe, waya uchomolewe, lifunikwe. Kisha kila mwezi lichajiwe tena, maana betri ikikaa na njaa inakufa.

Fundi alifanya yote, na juu yake akaongeza utani, ambao haukuandikwa popote. Mkewe, mshonaji, alikuwa ameshona turubai la kulifunikia. Siku ya kulivisha, fundi alijipachika kwenye usukani, akanyoosha shingo.

"Njoo ukae hapa pembeni yangu, uwe bosi walau dakika moja."

"Niache mie, nina magauni matatu yananisubiri."

"Hutaki? Haya!" Akapiga makofi kama mpiga mnada. "Kiti cha mke wangu hiki! Anayekitaka achukue, nimempa!"

Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Ndipo sponji ya kiti cha abiria iliposhuka taratibu, fyuuu, ikabaki imebonyea.

"Limezeeka," alisema fundi, na wakalifunika.

Asubuhi ile ya mlio alifungua kufuli, akaliondoa turubai. Waya ulikuwa umechomolewa vile vile. Akapima betri: tupu, zote sita. Kuna harufu ilimpiga puani, ya nywele zilizopitiwa na pasi ya moto. Akaweka kiganja kwenye kile kiti cha abiria, akakiondoa upesi, maana kilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuinuka.

Hakumwambia mkewe. Aliona aibu, mtu mzima kuogopa kiti. Akazichaji betri usiku kucha, na baada ya siku tatu zikawa tupu tena.

Wiki iliyofuata, mchana wa jua kali, mlio ulirudi, lakini safari hii haukutoka bandani. Fundi aliufuata akipita ukutani kwa vidole, akivuka jiko, akivuka kamba ya nguo, akijiambia ni simu, ni saa, ni mchezo wa watoto wa jirani, huku kila hatua ikimpeleka alikokuwa anaomba isimpeleke, mpaka akafika mlango wa chumba cha kushonea na kumkuta mkewe akitembea kinyumenyume kutoka kwenye cherehani, macho wazi, mikono imelala mapajani, na mlio ule ukitoka kinywani mwake, tii, tii, tii, hadi mgongo wake ulipogusa ukuta, akanyamaza.

"Mke wangu."

"Abee," aliitika, kwa sauti yake. "Mbona jasho limekujaa hivyo?"

Nywele zake zilinuka pasi.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakutaka kuona gari wala betri.

"Ulisema nini siku hiyo? Neno kwa neno, baba."

Fundi akarudia, kwa kunong'ona. Mganga akavua miwani.

"Kwa sisi tunaoongea na pepo, kiti si kitu cha sponji. Kiti ni mtu. Ni yule wanayempanda. Nawe ulisema kiti cha mke wako umempa."

"Ilikuwa mzaha, mama! Walahi ilikuwa mzaha!"

"Wao hawana mzaha."

Walipoingia chumbani, mwanamke alikuwa ameketi wima kitandani. Mganga akamuuliza aliyemo aliingiaje. Sauti iliyojibu ilikuwa ya kiume, ya pole, yenye adabu.

"Sikuiba. Nilipewa, tena kwa makofi."

"Utashuka lini?"

"Siku Daktari atakaporudi kulichukua gari lake."

Mganga alikusanya vitu vyake. Mlangoni alisema chini chini, "Mshukuru Mungu ametaja siku. Wengi hawataji. Wewe lilinde tu gari."

Basi fundi akalilinda. Aligundua kwamba betri zikijaa, mkewe hupata saa moja ya kuwa yeye, akala, akauliza ni siku gani leo. Zikiisha, anayekula ni yule, na anamla yeye. Akawa anachaji kila siku, akiongeza maji ya betri, akihesabu: imebaki miezi mitatu, imebaki miwili, zimebaki wiki sita.

Simu ya binti wa Daktari iliingia adhuhuri. "Baba hatunaye tena, fundi. Aliacha neno, gari uchukue wewe. Alisema hakuna ambaye angelitunza kama wewe."

Fundi alilia, na Mungu amsamehe, hakuwa anamlilia Daktari. Kisha akakurupuka kwenda bandani. Mkewe alikuwa huko tayari, ameketi kwenye kiti cha abiria, turubai limekunjwa vizuri sakafuni.

"Gari ni langu sasa," fundi alisema. "Nimekuja kulichukua. Shuka."

"Hongera," ilisema ile sauti ya pole. "Gari ni lako, chukua. Kiti ulishanipa."

Akamkamata mkewe chini ya makwapa, akavuta. Mwanamke aliyekuwa amekonda kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja hakusogea hata kidogo. Sponji ilizidi kubonyea hadi ubao ukalia. Fundi aliweka mguu kwenye bodi ya gari akavuta tena, mishipa ya shingo imemtoka, na hapo mkewe akafumbua macho, akamtambua, akaanza kulia.

"Mume wangu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, "mbona unaniangalia tu? Nishushe."

Naye fundi alikuwa anavuta kwa mikono miwili.